Kashata za Nyuzi Zinazoyeyuka

Jumatatu, 15 Agosti 1994

Leo nimeupata utajiri. Wenyewe haujafika, lakini nimeona unakotokea.

Nilikuwa Kurasini tangu asubuhi, nje ya yadi ya makontena, namsubiri Gaudens. Gaudens anatoa mizigo ya watu bandarini. Tangu kiwanda chetu kifungwe tukapunguzwa kazi, yeye ndiye ofisi yangu. Leo hakuwa na kibarua cha kunipa. Alikuwa na magunia. Magunia ya karatasi, mazito, yamechanika pembeni na kuzibwa kwa mkanda. Ndani unga mweupe, laini kama poda ya mtoto mchanga.

Kanieleza kuwa kiwanda kimoja cha biskuti kiliuagiza kutoka ng'ambo, haya yakachanika melini, wakayakataa. Yamejaa bandani kwake mpaka dirisha halifunguki. Niyabebe tu, atanishukuru.

Nikauliza unga wa nini. Kasema Wazungu huutia kwenye biskuti, jemu na askrimu mahali pa sukari. Sukari inatoka, unga unaingia, biskuti inabaki na unene wake uleule.

Sukari inatoka! Gaudens akaendelea kusema jambo fulani kuhusu kipimo, lakini mie nilikuwa nimeshafika mbali. Temeke hii nusu ya wazee wana sukari. Shangazi Tabu ana sukari. Watu hao hawajatia kashata mdomoni tangu enzi za foleni za duka la ushirika. Nani amewafikiria? Hakuna. Mpaka leo.

Nimeleta magunia kwa mkokoteni. Mke wangu Naima kauliza ni nini. Nimemjibu ni soko huria. Kasema hilo soko huria lisilale chumbani kwake.

Limelala chumbani kwake.

Jumanne, 16 Agosti

Utafiti kutwa nzima.

Unga unaitwa polidekstrosi. Nimelitamka mbele ya kioo mpaka likalainika. Maelezo ya gunia yote ni ya Kiingereza, nimeyafasiri kwa kamusi. Jambo la kwanza: ni nyuzi zinazoyeyuka. Yaani kama zile nyuzi za embe zinazonasa menoni, ila hizi zimetengenezwa kiwandani, na ukizitia majini huzioni. Tumbo haliwezi kuzisaga. Zinaingia, zinasalimia, zinapita. Ajabu ya Mzungu!

Jambo la pili limeandikwa chini kabisa kwa herufi za sisimizi. Ukila kwa wingi inaleta kitu fulani. Jina la hicho kitu linaanza na L. Kamusi yangu panya wameila kuanzia J mpaka N.

Apolinari ana kamusi nzima. Lakini kwa Apolinari siendi. Huyu ni jirani yetu, mtu wa Bukoba, ana duka lenye friza na biskuti za Dubai zenye picha za simba. Hakunyimi kitu. Ila akikuazima koleo, mtaa mzima unajua kabla hujafika nalo kwako.

Nimelitazama neno lenyewe kwa utulivu. Ndani yake mna "laksi". Vijana siku hizi wanaambiana "rilaksi, braza", yaani pumzika. Basi maana iko wazi: ukila nyingi, tumbo linapumzika.

Faida juu ya faida!

Jumatano, 17 Agosti

Tumepika. Au tuseme Naima kapika, mie nimesimamia. Kashata za Naima hazina mpinzani kuanzia hapa mpaka Mtongani, hilo hata maadui wanakiri.

Mkupuo wa kwanza tumetia unga mtupu, nazi na iliki. Zimeshikana, zinang'aa kama kigae kipya. Utamu ndio hakuna. Upo, lakini kwa mbali, kama harufu ya pilau ya nyumba ya tatu. Naima katafuna kipande kimoja taratibu, kasema hii ni nazi iliyofiwa.

Nimetia sukari kidogo. Bado msiba. Nimetia kidogo tena. Halafu nikatia kidogo nyingine iliyokuwa kubwa kuliko zile mbili. Hapo zikawa kashata!

Naima kaweka mwiko chini. Kauliza, sasa kashata za wenye sukari zina sukari? Nimemweleza kitaalamu: nyuzi ni kama wavu, sukari itanasa humo, itapita nazo. Kasema kwao kuna wavuvi watupu na hajawahi kuona wavu unaovua sukari.

Naima ni mpishi hodari. Biashara haijui.

Alhamisi, 18 Agosti

Nimempelekea Shangazi Tabu sahani ya kwanza.

Niandike vizuri hapa. Shangazi ndiye aliyenilea baba alipofariki. Alikuwaga mtu wa kashata kufa. Mkobani mwake hamkukosa kipande kilichofungwa kwenye karatasi, na nusu yake ilikuwa yangu daima. Tangu daktari amkataze anakunywa chai kavu, na sherehe za watu anatoka mapema, kabla ya sahani kupita.

Nikamwamkia, akaitikia, akaiona sahani. Akarudisha mikono mapajani.

"Haina sukari, mwanangu?"

"Haina, shangazi."

Neno lilitoka lenyewe. Nililisikia likiwa limeshatoka.

Kala kipande kimoja amefumba macho. Halafu akafuta uso kwa ncha ya khanga, akaniombea dua, kwamba kama nilivyomkumbuka nami nikumbukwe. Kasema alishazoea kufikiri utamu ni wa watu wengine.

Njiani nilijisikia vibaya. Nilipofika kwenye kona ya msikiti nikakumbuka kuwa magunia bado yamejaa, nikajisikia vizuri.

Jumapili, 21 Agosti

Zinakwenda! Kibandiko nimekiandika mwenyewe: KASHATA NYEPESI. HAZINA SUKARI. ZINAPUMZISHA TUMBO. Wazee wanakuja na bakora zao, wanakula wamesimama, wanafungiwa za nyumbani. Mmoja kacheka mpaka kofia ikaanguka.

Shangazi ndiye tangazo langu. Anapita nyumba hadi nyumba anasimulia. Sasa anakula asubuhi, alasiri na baada ya chakula.

Mzee Badru naye kaja. Ana sukari pia, na ni mtu mkubwa hapa mtaani. Jumamosi anamuozesha bintiye. Kaagiza kashata za harusi nzima, ili kwa mara ya kwanza ale sahani moja na wageni wake bila kutazamwa kwa huruma. Harusi nzima!

Apolinari kanunua kipande kimoja. Hakukila. Kakinusa, kakigeuza, kauliza ndani mna nini. Nimemjibu kwa kiburi: nyuzi zinazoyeyuka. Kauliza nyuzi za nini. Nimemwambia aende akasome. Kaenda akasoma.

Lile lilikuwa kosa.

Jumatano, 24 Agosti

Katani!

Kamusi ya Apolinari, hiyo nzima, imeeleza kuwa nyuzi za namna hiyo ni pamoja na katani. Sasa mtaa wote unasema mie, Kondo, nachemsha kamba za Tanga na kuwalisha wazee. Watoto wakiniona wanavuta kamba hewani. Mteja mmoja wa tangu Jumapili karudisha kipande alichokwisha kukiuma, eti atazibwa utumbo.

Apolinari kaapa kuwa yeye alisema tu kilichoandikwa. Ndivyo wanavyosema wote wanaoweza kusoma.

Mzee Badru akataka kuvunja mpango. Aliyeokoa jahazi ni Shangazi. Kajifunga khanga, kasimama mbele ya duka la Apolinari, kasema kwa sauti ambayo mie sijaisikia tangu utoto wangu.

"Huyu nimemlea mie! Anaweza kuwa mvivu, anaweza kuwa mropokaji. Lakini kunilisha mie kitu kibaya, Kondo? Naapa kwa kaburi la baba yangu, kashata zile hazina doa!"

Halafu kaenda kwa Mzee Badru, kaapa tena.

Mie nilikuwa nyuma ya ukuta wa duka, nasikia. Nilipaswa kufurahi. Nilitazama ndala zangu tu.

Baadaye nimemkuta kwake anakunywa maji. Kata moja, ya pili, ya tatu. Kasema kuna joto. Agosti hii hakuna joto.

Ijumaa, 26 Agosti

Nimeamua kuwa mtu mwema.

Kile kiapo kinaniandama. Kwa hiyo kashata za harusi nimepunguza sukari, karibu niiondoe yote, na pengo nimelijaza kwa unga maradufu. Maradufu na kidogo juu yake, maana magunia yapo. Naima kaweka iliki nyingi na arki ya kunukia ili kuficha msiba. Kwa mara ya kwanza tangu nianze, kibandiko changu kinakaribia kuwa cha kweli.

Nahisi wepesi moyoni. Wema hauna gharama kubwa kama watu wanavyodhani.

Jumamosi, 27 Agosti

Naandika nikiwa nimejifungia.

Ndoa ilifungwa salama, wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekuja kutoka Kipawa, watu wa heshima, kanzu zimepigwa pasi. Kahawa ikapita, kashata zikapita. Walizipenda! Arki ilifanya kazi yake. Walizila mbili mbili, tatu tatu. Mzee Badru alikaa katikati na sahani yake, anatafuna, anatazama kushoto na kulia ili aonekane.

Mwanzo ilikuwa ni sauti tu. Tumbo la mjomba wa bwana harusi lilitoa mlio mrefu, kama mlango wa ghala. Watu wakajifanya hawakusikia. La mwenziwe likajibu. Kisha yakawa mazungumzo. Mtu akasogea pembeni kwa adabu, jirani yake akaziba pua kwa adabu, na adabu ikaishia hapo.

Bwana harusi aliinuka katikati ya picha. Mpiga picha alipiga hivyohivyo, kanzu na mgongo. Kwa upande wa wanawake, mwimbaji wa taarabu alikata beti, akampa mwenziwe kipaza sauti. Mwenziwe akakitazama, akakiweka chini, akamfuata.

Nyumba ya Mzee Badru ina choo kimoja.

Walitawanyika mtaani wakipiga hodi na kuingia kabla ya kukaribishwa. Na nani alifungua geti lake mwenyewe? Nani aliwapanga mstari, akina mama mbele, akatoa karatasi za chooni dukani kwake bure? Apolinari! Watu walimshukuru huku wanapita mbio. Alipopata nafasi alinijia na ile kamusi chini ya kwapa, kaifungua kwenye L, kaniwekea kidole.

Kumbe maana yake ni kitu cha kuharisha.

Bibi harusi alikuwa kibarazani peke yake na hina yake mbichi, analia. Yeye hakula hata kipande kimoja. Nilitaka kumwambia neno. Nikapita nyuma ya nyumba.

Jumapili, 28 Agosti

Mzee Badru amekuja. Sikutoka. Naima kazungumza naye mlangoni. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniumiza. Kasema tu kwamba amemuozesha binti huyu mmoja, hana mwingine wa kurudia.

Hakuna aliyekufa wala kulazwa. Matumbo yametulia yote. Najiambia basi, ni aibu tu, aibu inaoshwa na msimu wa mvua.

Nimejiuliza kwa nini Shangazi hakuja jana. Angekuwepo angenitetea.

Jumatatu, 29 Agosti

Shangazi kaanguka.

Jirani yake alimkuta sakafuni karibu na mtungi, midomo mikavu, anasema maneno yasiyoungana. Waliokimbia kutafuta gari walikimbilia kwenye pikapu ya Apolinari. Alimbeba yeye, mikononi, kama mzigo wa nguo. Mie nilipata habari nikiwa chini ya kitanda natafuta viatu ili nitoroke mtaani wiki nzima.

Hospitali wamempima. Sukari imepanda kupita kiasi. Daktari, kijana mpole, kaniuliza mgonjwa alikuwa anakula nini siku hizi. Shangazi akafumbua macho, akajibu mwenyewe, kwa taabu, kwamba anafuata masharti yote. Anakula kashata za mwanawe tu, na zile hazina sukari.

Daktari akanitazama. Naima akanitazama. Apolinari, aliyekuwa bado ameshika pochi ya Shangazi, akatazama pembeni. Nilitamani naye anitazame tu.

Nikasema zina sukari.

Daktari akauliza kiasi gani. Nikasema kidogo. Naima akaniita kwa jina la mtoto wetu, "Baba Shamimu." Basi. Nikasema nyingi.

Jumatano, 31 Agosti

Kaamka vizuri. Wanamchoma sindano, anakula uji. Nimekwenda peke yangu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba: nyuzi, wavu, kiwanda cha biskuti, hali ya uchumi.

Nilisema shikamoo, hotuba ikapotea.

Nilidhani atanilaani. Ningeona afadhali. Alisema pole pole, kama mtu anayehesabu vyombo vilivyovunjika.

"Sukari ni mwili wangu, Kondo, nitapona. Lakini mie nilikushuhudia. Nilimwapia Badru kwa kaburi la baba yangu. Baba yangu, ambaye hata deni la kiberiti hakuwahi kukana. Sasa nitampelekea uso gani?"

Nilisema nisamehe, shangazi. Akageukia ukutani. Nilikaa pale mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipogongwa, natazama mgongo wake. Una mabega madogo. Sikujua.

Ijumaa, 2 Septemba

Nimezunguka nyumba za wateja wote wazee, moja moja, kusema kwa mdomo wangu kwamba kashata zilikuwa na sukari. Naima aliniandama nyuma kuhakikisha nasema yote.

Mmoja kanifukuza na bakora. Mwingine kaniuliza kama zimebaki. Mzee Badru alinisikiliza nikiwa nimesimama juani. Nilimwambia pia kuwa Shangazi hakujua lolote, kiapo chake kilikuwa cha mtu aliyedanganywa. Hapo ndipo aliponiambia niingie kivulini. Kiti hakunipa.

Kwa Apolinari nilikwenda mwisho. Nilimshukuru kwa kumbeba Shangazi. Maneno yalitoka kama msumari kwenye mbao ngumu. Kajibu si kitu, angefanya hivyo kwa mama wa yeyote. Halafu kaniazima koleo la kufukia unga uliobaki.

Mtaa mzima unajua nina koleo la Apolinari.

Jumapili, 4 Septemba

Shangazi karudi kwake. Mzee Badru alikwenda kumjulia hali, wamezungumza, kasema hana kinyongo naye. Na yeye, si na mie.

Nimekwenda jioni na machungwa. Nimemwamkia, kaitikia marahaba. Marahaba tupu. Zamani ilikuwa na mkia: marahaba mwanangu, marahaba baba, umekula? Machungwa kayapokea, kayaweka. Tukakaa. Nje watu walikuwa wanasikiliza mpira redioni na mie nilishukuru kuwa kuna sauti fulani.

Nilipoaga kasema, "Haya." Nilisimama mlangoni nikisubiri mkia. Haukuja.

Nimerudi kwa miguu. Nimejiapiza, bila kaburi la mtu, kwamba sitauza tena kitu ambacho sikijui. Naima kasikia. Alikuwa anachambua mchele.

Jumamosi, 10 Septemba

Siku njema! Siku ya pekee!

Nilipita Kurasini kumsalimia Gaudens tu, na kumweleza kuwa mambo hayo nimeyaacha. Akasikitika pamoja nami. Tukiwa tunasikitika nikaona katoni nyuma ya mlango. Akaniambia niziache, ni za hoteli moja, zimelowa, zimekataliwa. Nikauliza ni nini.

Chumvi. Chumvi isiyo na chumvi! Wazungu wameitengeneza kwa ajili ya watu wenye presha. Nusu ya Temeke ina presha. Mzee Badru ana presha, na kwa hili atanisamehe kabisa. Shangazi akiona nimewasaidia wazee kwa njia ya halali, mkia utarudi.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimesoma pakiti neno kwa neno. Imeandikwa Kijerumani, lakini picha ya moyo inaonekana vizuri, nao unatabasamu.

Nimeionja kwenye mchuzi. Haikolei, na nyuma ina uchungu fulani. Si ishu. Naima akilala nitaichanganya na chumvi ya kawaida.

Kidogo tu.